Rise au raise, lie au lay: Kiingereza nacho kilikuwa na "-sha" yake

*"Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kuandika ripoti za kila robo mwaka kwa Kiingereza, lugha niliyoisoma tangu darasa la kwanza. Safari hii mhariri amenirudishia ripoti ina wino mwekundu sehemu tatu. Niliandika 'Prices have raised since January', akaweka 'risen'. Ukurasa uliofuata nikaandika 'The board rose the fees', akaweka 'raised'. Mbele zaidi nikaandika 'The files were laying on the floor', akaweka 'lying', neno ambalo mimi nalijua kuwa ni kudanganya. Nimefungua kamusi: rise ni kupanda, kuinuka, raise ni kupandisha, kuinua. Naona ni kitu kilekile. Mwenzangu mmoja anasema raise ni ya Wamarekani na rise ni ya Waingereza. Mwingine anasema rise ni polepole na raise ni ghafla. Halafu nikaambiwa wakati uliopita wa lie ni lay, na hapo ndipo nilipokata tamaa. Je, kuna kanuni, au ni kukariri tu? Naanza kuhisi kichwa changu hakishiki."*

Marahaba, na pole kwa wino mwekundu.

Kichwa chako kinashika, na ushahidi umenipa mwenyewe bila kujua. Umeandika kwamba kamusi inasema *rise* ni kupanda na *raise* ni kupandisha, kisha ukaongeza kuwa unaona ni kitu kilekile. Hebu yasome tena hayo maneno mawili ya Kiswahili, safari hii kwa sauti. Mtu akikuambia "bei zimepandisha tangu Januari," utamngoja amalizie: zimepandisha nini? Na akisema "bodi imepanda ada," utacheka, maana utawaona wajumbe wakiikwea hiyo ada, au wameifukia ardhini wanangoja iote. Sentensi zako mbili za Kiingereza zina kasoro hiyohiyo. *Prices have raised* ni "bei zimepandisha". *The board rose the fees* ni "bodi imepanda ada". Kwa Kiswahili sikio lako linapiga kelele kabla hujafika mwisho. Kwa Kiingereza linanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeliambia kwamba ni jambo lilelile.

Kwa hiyo kanuni ipo, na unaitumia kila siku tangu ulipoanza kusema. Hukuambiwa tu kwamba Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na kauli ya kutendesha, "-sha" yake, na kwamba *raise*, *lay* na *set* ni mabaki yake.

Kwanza tumalizane na wenzako wawili. Habari ya Uingereza na Marekani si kweli kwa upande wa kitenzi. Mwingereza na Mmarekani wote husema *the sun rises*, jua linachomoza, na wote husema *raise your hand*, inua mkono. Mwenzako ameokota kipande cha ukweli kutoka kwenye nomino: nyongeza ya mshahara Mwingereza huiita *a pay rise*, Mmarekani huiita *a raise*. Ukweli wake unaishia hapo. Habari ya polepole na ghafla nayo haina mguu wa kusimamia. Unga uliotiwa hamira huumuka taratibu, na ni *rise*. Mtu aliyeshtuka huinuka kitini kwa mara moja, na ni *rise* vilevile. Pazia unaweza kuliinua kidogo kidogo mpaka ukachoka, bado ni *raise*. Kinachoangaliwa ni kama kuna mtendaji anayekifanya kitu kingine kipande, na kama hicho kinachopandishwa kimetajwa.

Darasani uliambiwa kwamba *rise* ni kitenzi sielekezi, hakichukui yambwa, yaani kile kinachotendewa, na *raise* ni kitenzi elekezi, kinaichukua. Ni kweli tupu. Lakini mimi nimeona istilahi hizo zikiwasaidia watu wachache sana, kwa sababu mtu aliye katikati ya sentensi, ripoti inadaiwa leo, hana nafasi ya kusaka yambwa iko wapi. Sikio ni la haraka kuliko sarufi. Ndiyo maana napenda kuwarudisha watu kwenye Kiswahili chao.

Sasa tuione asili yake, maana ukiielewa hutahitaji kukariri mengi.

Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha nyingi za Skandinavia ni matawi ya familia moja, lugha za Kigermaniki. Katika lugha mame ya familia hiyo, yaani lugha ya kale iliyozizaa zote, ukitaka kusema "kumfanya mtu atende jambo fulani", ulikuwa ukichukua mzizi wa kitenzi, mara nyingi ukiwa na irabu yake ya wakati uliopita, ukauongezea mkia wenye sauti ya *y*. Mkia huo uliivuta irabu ya mzizi kuelekea mbele ya kinywa. Karne zikapita, mkia ukadondoka, ikabaki irabu iliyogeuka kama alama pekee kwamba hapa palikuwa na kutendesha. Ndivyo *sat*, alikaa, ilivyozaa *set*, kuweka, yaani kukifanya kitu kikae. *Drank*, alikunywa, ikazaa *drench*, ambayo zamani ilimaanisha kunywesha. *Fall*, kuanguka, ikazaa *fell*, kuangusha. *Lie*, kulala, ikazaa *lay*, kulaza.

Geukia Kiswahili. *Lala* na *laza*. *Anguka* na *angusha*. *Waka* na *washa*. *Ogopa* na *ogofya*. *Pona* na *ponya*. Kwetu pia kulikuwa na mkia mdogo wa kutendesha, wenye sauti ya *i*, tuliourithi kutoka lugha mame ya Kibantu. Ila wetu haukuigusa irabu. Uliigeuza konsonanti iliyotangulia. L ikawa z, k ikawa sh, p ikawa fy. Kwenye *ponya* na *ogofya* mabaki ya ule mkia unayasikia mpaka leo. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, kila moja ilifika hapo kwa njia yake, lakini anayejua kwa nini *lala* inageuka *laza* hana sababu ya kuogopa *lie* kugeuka *lay*. Maana nayo ni ileile.

Hata tabia ya maneno haya kupotoka maana inafanana. *Drench* leo haimaanishi kunywesha, isipokuwa kwa wafugaji wanaomnywesha mnyama dawa. Kwa watu wengine ni kulowesha chapachapa. Nasi tunalo *onya*, lililotokana na *ona*: kumfanya mtu aone, kisha likaishia kuwa kumtahadharisha. Neno likishaachana na mzazi wake huenda linakotaka, na hapo ndipo mgeni anapopotea, kwa sababu hakuna tena kinachomwonyesha kwamba haya mawili ni mzazi na mtoto.

*Raise* ina kisa chake, na nakisimulia kwa sababu kinafafanua kwa nini *rise* na *raise* zinafanana kuliko jozi nyingine zote. Kiingereza cha kale kilikuwa na *rise*, na kilikuwa na kutendesha kwake kwa asili, neno ambalo leo ni *rear*. Kisha wakaja watu wa Skandinavia, kwanza kama wavamizi, shambulio lao mashuhuri likiwa lile la kisiwa cha Lindisfarne mwaka 793, baadaye kama walowezi waliolima na kuoa kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Lugha yao ilikuwa jamaa ya karibu ya Kiingereza, nao walikuwa na kutendesha kwao kwa kitenzi kilekile. Hiyo ndiyo *raise*. Kwa hiyo *rise* ina watoto wawili wa kutendesha, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kuja, na huyu wa kuja ndiye aliyechukua karibu kazi yote. *Rear* imebakiwa na kulea watoto, kufuga wanyama, na farasi anaposimama kwa miguu ya nyuma. Zamani kulikuwa na walimu waliosisitiza kwamba mazao na mifugo ndivyo vya *raise*, na watoto ni wa *rear*. Usijisumbue na hilo. *Raise children* leo ni Kiingereza safi pande zote za bahari.

Kuna zawadi moja iliyofichwa katika historia hii, na vitabu vingi vya shule haviionyeshi. Vile vitenzi vya kutendesha vilivyotengenezwa kwa mkia vyote ni vitiifu: wakati uliopita huchukua *-d* ya kawaida. *Raised. Laid. Felled. Drenched.* Vile vya asili, vyenyewe, vinabadili irabu: *rose, lay, fell, drank, sat*. *Set* pekee ndiyo inayoonekana kukaidi, kwa kuwa haibadiliki kabisa, lakini hata yenyewe ilikuwa na alama hiyo zamani; imemezwa tu na ile *t* ya mwisho. Basi ukikutana na umbo lenye *-d*, kama *raised* au *laid*, jua uko upande wa pandisha na laza, na lazima pawe na kinachopandishwa au kilicholazwa. Ukikutana na lililobadili irabu, kama *rose* au *risen*, uko upande wa panda. Mhariri wako alipofuta *have raised* akaweka *have risen*, hilo ndilo aliloliona.

Sasa tuje kwenye *lay*, maana hapo hukukosea kukata tamaa. Hapo Kiingereza chenyewe kimejifunga kamba miguuni.

*Lie* ya kulala: leo *lie*, jana *lay*, na baada ya *have* ni *lain*. *Lay* ya kulaza: leo *lay*, jana *laid*, na baada ya *have* ni *laid* tena. Unaona tatizo. Umbo *lay* lina kazi mbili: ni kulaza kwa leo, na ni kulala kwa jana. Hii ni ajali ya sauti tu. Hakuna aliyekaa akapanga. Na juu ya hapo kuna *lie* nyingine, ya kudanganya, ambayo kwa asili ni neno jingine kabisa, yenye *lied* na *lied*. Kwamba kulala na kudanganya vimegongana kwenye *lie* ni kama sisi tulivyo na paa wa porini, paa la nyumba, na kupaa angani. Husikii mtu akichanganya hayo matatu, kwa kuwa maneno yanayoyazunguka yanakuambia ni ipi. Kwa hiyo *lying* ya mhariri wako haikuwasingizia mafaili uongo. Tahajia imegongana tu: *lie* ikichukua *-ing*, ile *ie* hugeuka *y*, iwe ni ya kulala au ya kudanganya, sawasawa na *die* inavyokuwa *dying*.

Pima sentensi yako kwa Kiswahili. "Mafaili yalikuwa yamelala sakafuni" ni sawa. "Mafaili yalikuwa yakilaza sakafuni" si sawa, labda kama mafaili yana watoto yanaowabembeleza. Basi *were lying*. Sasa igeuze: kuna mtu aliyeyalaza mafaili hapo. *Someone laid the files on the floor.* Umbo lenye *-d*, yambwa ipo, mambo yametulia. Na jana yaliachwa tu hapo yenyewe: *Yesterday the files lay on the floor.* Hii ya mwisho itakusumbua macho kwa muda, nakubali. Isome mara kadhaa ukiwa na "yalilala" kichwani.

Nikuambie pia jambo ambalo litakupunguzia unyonge. Waliozaliwa na Kiingereza wanakosea *lay* na *lie* usiku na mchana. *I'm going to lay down* utaisikia kutoka kwa watu wenye shahada, na wamekuwa wakisema hivyo tangu Zama za Kati. Byron, mshairi mkubwa, katika shairi lake la 1818 alimaliza ubeti mmoja kwa *lay* pale sarufi ilipotaka *lie*, akapata vina vyake na akasonga mbele. Anayejua ushairi wetu hatamlaumu sana. Ushauri wangu ni wa wazi: katika mazungumzo, ukiteleza kwenye *lay* hakuna atakayegeuza shingo. Katika maandishi ya kazi, shika kanuni, kwa kuwa wapo wasomaji, mhariri wako mmojawapo, wanaompima mwandishi kwa neno hilo. *Rise* na *raise* ni tofauti. Hapo kosa husikika hata kwenye mazungumzo, kwa hiyo ndiyo jozi ya kuanza nayo.

Nisikudanganye kwamba Kiswahili kitakuvusha kila mto. Kinakuambia *kama* unahitaji kutendesha. Hakikuambii kila mara ni neno gani la Kiingereza litafanya kazi hiyo. *Angusha* ni mfano mzuri. Kwa mti uliokatwa, au bondia aliyepigwa akala sakafu, ni *fell*. Kwa kikombe kilichokuponyoka ni *drop*. Ukiandika kwamba uli-*fell* kikombe, msomaji atadhani ulikipiga ngumi. *Ketisha* wageni nayo si *set*, ni *seat*. *Set* imekuwa na mambo mengi mno: kuweka tarehe, kutega saa, kuandaa meza, na isitoshe imevuka mpaka ikaanza kutenda yenyewe, maana jua likizama ni *the sun sets*, na saruji ikikauka ikawa ngumu ni *the cement sets*. Hapo hakuna yambwa wala hakuna anayemfanyia mwingine. Huo ni mkia uliosahau kazi yake. Yapokee hivyo hivyo kama matumizi, usiyalazimishe kanuni.

Kuna pia vihusishi, vile vineno vidogo kama *to*, vinavyodanganya jicho. *He rose to the challenge*: unaona nomino baada ya kitenzi, unadhani ni yambwa, unataka kuandika *raised*. Lakini *to* imekaa katikati. Aliinuka kuikabili changamoto, hakuiinua changamoto. Na *lie low* ni kujificha, kutulia usionekane, wakati *lay low* ni kumbwaga mtu chini, kama homa inavyombwaga. Kwenye ripoti hutayahitaji sana, ila ukiyaona usishangae.

*Arise* nimeiacha kando kwa sababu ni nyepesi. Matatizo, maswali na fursa vikijitokeza vyenyewe ni *arise*. Ukiyaleta wewe mezani, *raise a question*. Tena unaona panda na pandisha.

Huenda umejiuliza kwa nini, kama kanuni ni nyepesi hivi, watu wanachanganyikiwa. Ni kwa sababu vitenzi vingi vya Kiingereza cha leo vimeacha kabisa kuonyesha tofauti hii. Sisi tunasema *fungua* na *funguka*, *vunja* na *vunjika*, *chemka* na *chemsha*, na hatuwezi kubadilishana. Kiingereza kina *open*, *break* na *boil* tu: mlango una-*open*, na wewe una-*open* mlango, maji yana-*boil*, na mpishi ana-*boil* maji. Ubongo wako umejifunza, kwa haki kabisa, kwamba Kiingereza hakijali nani kafanya. Kisha ghafla vinakuja vitenzi vichache vya kale vinavyojali sana. Havikuja na tangazo. Ndiyo maana nakwambia hukukosa akili. Ulijumlisha kanuni ya wengi ukaitumia kwa wachache.

Hii pia inakupa mlango wa dharura. *Increase* ni ya wale wengi: *prices have increased* ni sahihi, na *the board increased the fees* ni sahihi. Ukiwa na haraka na sikio limegoma, kimbilia huko. Sikuambii uishi huko, kwa sababu ripoti yenye *increase* kila mstari inachosha, na kwa sababu kuna kitu utakipoteza, ambacho mimi nakiona ndicho kiini cha jambo zima.

Linganisha "ada zimepanda" na "ada zimepandishwa". Ya kwanza inazungumza kama vile ada zina miguu. Ya pili inakubali kwamba kuna mkono uliozipandisha, ingawa haiutaji. Msikilizaji wa taarifa ya habari huijua tofauti hiyo vizuri sana; akisikia "zimepandishwa" huuliza na nani. Kiingereza kina uwezo huohuo kwa jozi hii: *The fees rose* na *The fees were raised*. Zote mbili ni sahihi kisarufi. Ila kama bodi ilikaa, ikapiga kura na kupandisha ada, *the fees rose* ni sentensi sahihi inayoficha jambo. Na kama bei zilipanda kwa sababu ya ukame, *prices were raised* inamtafuta mtu wa kumlaumu ambaye hayupo. Ukiandika ripoti, swali hili ni zito kuliko wino mwekundu. Kumbuka pia kwamba *rise* haina kutendwa: *were risen* haipo, kama vile kwetu "bei zimepandwa" isivyoweza kumaanisha kwamba zimeongezeka. Ukijikuta umeandika *was* au *were* ya kutendwa, neno linalofuata ni *raised*.

Kuhusu programu za kusahihisha, kwa kuwa najua utaniuliza: ile ya tahajia haikusaidii hapa. *Laying* imeandikwa sawasawa, nayo itaiacha ipite. Zile zinazokagua sarufi hunasa baadhi ya makosa, na kwa *prices have raised* huenda zikakuokoa. Lakini hakuna programu inayojua kama bodi ilipiga kura au la. Hilo unalijua wewe.

Fanya hivi kwa muda. Kila unapofika kwenye mojawapo ya vitenzi hivi, iseme sentensi nzima kwa Kiswahili, chini kwa chini, pamoja na mtendaji wake. Panda au pandisha? Lala au laza? Anguka au angusha? Kisha ndiyo uandike. Usichore jedwali lenye maumbo kumi na tano ukalibandika ukutani. Watu hulibandika, hulizoea, na hawalioni tena. Anza na *rise* na *raise* pekee, katika ripoti moja, mpaka sikio lianze kulalamika lenyewe. *Lie* na *lay* zifuate. *Fell* na *drench* unaweza kuziacha hadi zije zenyewe katika kusoma.

Lini utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana? Kama una mtihani wa Kiingereza unaoamua kazi au masomo, tafuta mwalimu mwenye kusoma maandishi yako mwenyewe, siyo mwenye kukupa mazoezi ya kitabu, kwa maana makosa ya mtu yana mtindo wake na hukaa kwenye sentensi anazozipenda. Kama unachoandika ni mkataba, maelekezo ya mgonjwa au maelezo ya mashine, usijitegemee peke yako hata ukiwa hodari, mpe mhariri. Kwenye karatasi kama hizo, kutotaja nani anapandisha nini kunaweza kuleta ugomvi baadaye. Na kama mkanganyiko unaouona kwenye Kiingereza unakupata hata ukisoma Kiswahili, herufi zinabadilishana nafasi, mistari inaruka, neno ulilolisoma juu hulitambui chini, hilo ni jambo jingine na halihusiani na *rise* wala *lay*. Wapo wataalamu wa matatizo ya kusoma wanaopima watu wazima pia. Nenda ukaonane nao. Kwa barua uliyoniandikia sioni dalili hiyo hata chembe.

Na mhariri wako, kama anakubali, mwombe jambo moja: safari nyingine aache kuandika neno sahihi. Apigie mstari tu, akurudishie, wewe mwenyewe ujibu kama ni panda au pandisha.